Chupa ya Chumvi

Wakulima wengi wa Uasin Gishu wajua kwamba mahindi yanayopelekwa ghala la serikali hutakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mimi nalijua jambo hilo tangu nilipokuwa katika shule ya sekondari ya misheni. Katika mtihani wa Kilimo niliandika tarakimu hiyo bila kusita, nikapewa alama zangu. Hata hivyo, miaka miwili iliyopita niliyaozesha mahindi ya mama yangu, magunia 11, kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mimi ni karani wa serikali hapa Eldoret, na shamba la mama liko upande wa Moiben. Mwezi wa Novemba nilipata likizo ya siku 10 tu, na mvua ilikataa kukatika. Nilipukuchua mahindi upesi, nikayaanika siku mbili juu ya turubai, kisha nikayatia maguniani, maana Jumatatu nilitakiwa niwe mezani kwangu. Mama alitafuna punje moja, akatikisa kichwa, akasema, "Bado, mwanangu, punje hii hailii." Meno yake ya mbele yamekwisha, nami nikadhani kwamba hayo ndiyo yaliyomdanganya. Baada ya wiki sita alitia mkono katika gunia akakuta joto na ukungu.

Mahindi ya namna hiyo si hasara ya fedha tu. Mwaka wa 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo tulichimba shimo tukayafukia yote. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja; mwaka uliofuata alikula unga wa kununua.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi jinsi mtu awezavyo kuijua tarakimu na asilijue jambo lenyewe. Shuleni kwetu palikuwa na shamba zuri, lakini waliolilima ni wachelewaji na wapiga kelele. Jembe lilikuwa adhabu. Sisi tulioshika sheria tulibaki darasani tukinakili ubaoni jinsi ya kutumia jembe.

Wazee wetu nao walikuwa na sababu ya kuishuku elimu ya mikono. Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Kenya mwaka wa 1924, na mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Mwafrika alihimizwa kujifunza kilimo, ufundi na usafi wa nyumba, huku mtoto wa Mzungu akisomeshwa ili atawale. Baba aliyetaka mwanawe awe karani alijua vyema anachokitafuta. Baadaye, mwaka wa 1985, ukaja mpango wa 8-4-4 pamoja na useremala, sayansi kimu na kilimo. Wazazi waliambiwa wajenge karakana, na shule nyingi zikabaki na kuta zisizo na zana. Mtaala uliporekebishwa mwaka wa 2002 masomo hayo yalipunguzwa, na sidhani kwamba walikuwapo wengi waliolia.

Kisha mwaka wa 2019 ukaingia madarasani Mtaala wa Umilisi, nami nikafurahi. Lakini umekuja na ugonjwa wake. Mtoto huagizwa atengeneze ufagio, na mzazi huenda sokoni akaununua. Sisemi ya wengine; mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Binti yangu alisifiwa na mwalimu, na ufundi wote ulikuwa wa mama mmoja muuza fagio.

Basi Desemba iliyopita tulikuwa tena Moiben, mahindi juu ya turubai, na likizo yangu fupi kama kawaida. Binti huyo, aliye na umri wa miaka 13, akaomba chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyokuwa ya jemu, na chumvi kavu. Mwalimu wao alikuwa amewaonyesha, na kila mtoto akajaribu kwa mkono wake. Alitia mahindi hadi theluthi ya chupa, akaongeza vijiko viwili vya chumvi, akafunga, akatikisa kwa dakika kadhaa, kisha akaiweka chini. Baada ya robo saa alimwita nyanya yake.

"Gogo, tazama. Chumvi imenata kwenye kioo."

Chumvi ikinata, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isiponata umeshuka chini ya hapo, ingawa hilo halithibitishi kwamba umefika 13.5, lakini kwa mkulima asiye na mashine ya kupimia, ni bora kuliko haraka ya karani. Yafaa chumvi yenyewe iwe kavu kabisa, la sivyo itanata bure na kukutia hofu.

Mama alicheka sana, akanitazama mimi, si mtoto. Mahindi yakaanikwa siku nne zaidi. Mimi nilirudi kazini na kuwaachia wao wawili kazi ya kuyatia maguniani.

Chupa hiyo sasa inakaa kwa mama juu ya kabati, na majirani watatu wamekwisha kuja kuiazima. Mwenyewe bado hutafuna punje kwanza, kisha huitikisa chupa ili aone kama chumvi inakubaliana naye.