Barua za Boma la Vindolanda

Huko kaskazini ya Uingereza, toka pwani ya mashariki hata ya magharibi, yapo magofu ya ukuta ulioanzwa kujengwa mwaka 122 baada ya Kristo kwa amri ya Kaisari Hadrian, uwe mpaka wa dola ya Warumi. Urefu wake ulikuwa karibu maili 73. Wageni wengi huenda kuutazama ukuta wenyewe. Lakini apendaye kujua askari wale waliishi namna gani, na ashuke kusini mwendo wa maili moja hivi, afike Vindolanda.

Boma hili lilitangulia ukuta. Kwanza lilijengwa kwa miti, yapata mwaka 85, kisha likavunjwa na kujengwa upya mara nyingi, na kila mara takataka za waliotangulia zilifunikwa kwa udongo mzito. Hewa haikupenya chini yake, basi viatu vya ngozi na hata mbao havikuoza. Mwaka 1973 Robin Birley, aliyesimamia uchimbaji, alikuta humo vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino.

Kimoja ni hesabu ya kikosi cha Watungri, ambayo karani yeyote angeifahamu mara moja: watu 752, waliotumwa kwingine 456, waliobaki 296, na katika hao 31 hawakuiweza kazi, kumi wakiugua macho. Boma zima liliachiwa watu 265! Tena Watungri hawakuwa wenyeji wa Roma, bali watu wa nchi iitwayo leo Ubelgiji, waliotawaliwa na Warumi wao pia.

Katika barua nyingine Claudia Severa, mke wa mkuu wa kikosi, amwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwake. Karani ndiye aliyeiandika, ila maneno ya mwisho, ya upendo, ameyaongeza bibi mwenyewe kwa mkono wake.

Lakini si zote za furaha. Hati moja yawataja wenyeji wa kisiwa kwa jina la dharau, kama kusema Vibritoni. Nyingine ni malalamiko ya mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo ya bahari, aliyepigwa fimbo hata akatoka damu, hali hana kosa. Alitaka kumwona mkuu wa kikosi, ikawa mkuu ni mgonjwa. Akawaendea maofisa wadogo, asipate kitu. Ndipo akamwandikia mtukufu aliye juu ya hao wote, akimsihi. Maneno hayo aliyaandika nyuma ya hesabu yake ya ngano.