Siku Mbili Kando ya Mto Thiba

Sisi wa Uganda tuliozoea nyavu za sangara na ngege hustaajabu tukisikia kwamba mtu huvua kwa nzi. Mimi na mke wangu tulistaajabu vivyo hivyo tulipofika Mto Thiba, upande wa Kirinyaga, nchini Kenya.

Kwanza niseme kilichotupeleka. Katika miaka mitatu nilihamishwa kikazi mara mbili, naye akabaki na watoto. Niliporudi tulizungumza habari za karo na unga tu, mithili ya makarani wawili wa ofisi moja. Wengi wenu wa kambini mnaijua hali hiyo.

Thiba huteremka kutoka Mlima Kenya kwa maji baridi yaumayo vifundo vya miguu, kisha huenda kunywesha mashamba ya mpunga ya Mwea. Samaki wake, trauti, si mwenyeji. Waingereza walimleta Kenya mwaka 1905. Hupenda maji ya baridi, naye hukaa akielekea mkondo unakotoka, akingoja wadudu waletwe na maji.

Nzi mwenyewe ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Kwa wepesi wake haurushiki. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mzito. Wapeleka ufito nyuma, wangoja mshipi unyooke hewani mgongoni pako, ndipo wausukuma mbele. Hapo penye kungoja ndipo niliposhindwa. Nzi wangu alinasa vichakani mara saba, ilhali mke wangu aliupata mwendo wake kabla ya adhuhuri.

"Baba Okello, nani anakufukuza?" aliniuliza, akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu uhamisho wa kwanza.

Siku ya pili tulitumia ufito mmoja kwa zamu. Mmoja alirusha, mwingine akayatazama maji. Alinasa trauti mmoja mdogo, tukamrudisha mtoni. Kisha tukaketi juu ya jiwe, naye akanisimulia usiku mtoto wetu alipougua malaria nami sipo, jinsi alivyombeba mgongoni hadi zahanati. Habari hiyo sikuwahi kuijua. Sikujitetea, nilisikiliza mpaka jua likatua, na nzi wangu akabaki akining'inia mtini.

Atakaye kwenda akate leseni ya kuvua kwanza, na achukue sweta mbili.