Mfereji wa Nyanya

Adhuhuri ya siku ya kliniki, banda la Feri upande wa kisiwani lilikuwa limefurika watu waliongoja kuvuka kwenda Likoni. Ajuza mmoja alikuwa ameketi, buibui lake likiifunika miguu iliyovimba hata viatu vyake vikakataa kuingia, naye akaja mjini kwa champali. Kando yake alisimama mjukuu wake, mwanafunzi wa biolojia chuoni, ameshika bahasha ya dawa. Daktari alikuwa ameongeza kipimo cha furosemidi kwa mara ya pili katika miezi michache. Binti hakuelewa: dawa yaongezwa, na miguu yazidi kuvimba.

"Nyanya, leo umemeza kile kidonge cha maji?"

"Siku ya kuvuka simezi, mwanangu."

Kidonge hicho huanza kazi kabla ya saa moja kwisha, na nguvu zake huwa kubwa katika saa mbili za mwanzo. Aliyekimeza asubuhi atabanwa na haja akiwa foleni, lango limefungwa, watu mbele na nyuma. Ajuza huyu alikuwa amefedheheka mara moja, na ikamtosha. Lakini mbali na kliniki, mara tatu kwa juma alivuka kwenda Mji wa Kale kumuuguza nduguye. Kwa hiyo, katika siku saba dawa ilimezwa siku nne tu, na juma la kliniki siku tatu. Daktari hakuambiwa. Angeambiwaje? Alikuwa kijana wa kiume, makamo ya wajukuu zake, na habari za mkojo hazisemwi mbele ya kila mtu.

Chomboni, binti akaanza kueleza. Kila figo, alisema, ina vijirija vinavyokaribia milioni moja. Kwa siku moja figo mbili huchuja lita 180 hivi za majimaji ya damu, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachotoka ni lita moja au mbili. Maji hayo huifuata chumvi inakokwenda. Hapa nyanya hakuhitaji mwalimu, kwani aliyekausha ng'onda maisha yake yote anajua jinsi chumvi inavyovuta maji.

Robo hivi ya chumvi iliyochujwa huokolewa katika sehemu moja ya kijirija, ile nene inayopanda ya kitanzi cha Henle. Kwenye ukuta wa seli zake pana protini ivushayo mithili ya feri: ioni moja ya sodiamu, moja ya potasiamu na mbili za kloridi hupanda pamoja, na abiria mmoja akikosekana chombo hakiondoki. Furosemidi hukizuia chombo hicho. Chumvi hubaki kijirijani, maji hubaki nayo, yote yakatoka.

Alipofika kwenye njia ambayo kloridi huipitia kutokea upande wa pili wa seli ili irudi damuni, binti alikwama. Neno lililomjia ni mfereji, akalikataa mwenyewe, kwa kuwa kwake mfereji ni mtaro ulioachwa wazi, ilhali njia hii hufunguka na kufungika.

"Kwani mfereji ni upi?" nyanya akauliza. "Si huu tutekao maji? Waufungua, waufunga."

Naam, kwa mtu wa Mombasa maji ya mfereji ni maji ya bomba lenye koki. Neno alilolitupa ndilo lililokuwa likitafutwa.

Na koki ya mfereji huu ina mikono mingi. Pasipo protini nyingine iitwayo bartini, haufiki ukutani wala haufanyi kazi. Kalsiamu ikizidi nje ya seli, hufunguka zaidi. Asidi ikizidi, huelekea kufungika. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya mfereji huu, nao hupoteza chumvi mithili ya mtu anayemeza furosemidi daima. Bartini ikiwa ndiyo mbovu, huwa viziwi pia, maana sikio la ndani huitegemea. La ajabu zaidi ni kwamba kloridi yenyewe ni mjumbe. Ikiwa nyingi ndani ya seli, huvituliza vimeng'enya viitwavyo WNK. Ikipungua, huamka, na amri ikatoka kwamba feri ivushe zaidi.

"Basi ile siku nisiyomeza?"

"Nguvu za dawa zikiisha, nyanya, figo huishika chumvi kwa pupa kuliko kawaida. Yaliyotoka jana hurudi leo."

Ajuza akaitazama miguu yake. Kisha akauliza swali ambalo binti hakulitarajia: kidonge kikimezwa baada ya kurudi nyumbani, je? Binti hakuwa na jibu. Bali alijua jambo jingine lililomtia hofu: kipimo kipya kilipangwa kwa mtu aliyedhaniwa amemeza vidonge vyote. Nyanya akianza kukimeza kila siku, huenda kikamkausha maji na potasiamu.

Waliteremka Likoni, wakajiunga na foleni ya kurudi kisiwani.

Kliniki walimkuta muuguzi wa kike, mtu mzima, akifunga daftari. Nyanya alimwomba binti angoje nje. Walipotoka, kipimo cha zamani kilikuwa kimerudishwa, na kwa siku za kuvuka paliandikwa alasiri, akishafika kwake.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mfereji wangu una saa zake."