Siku Moja Katika Soko la Dhahabu la Deira

Mtu wa Pwani anayefika Dubai kwa mara ya kwanza hudhani ameingia mji usio na jana. Dhana hiyo humtoka akiteremka hadi ukingoni mwa Khori, ule mkono wa bahari unaotenga Bur Dubai na Deira. Majahazi ya mbao yangali yakifunga gati hapo, na katika nyumba za kale za Al Fahidi mgeni akiinua macho darini huona miti ya boriti. Hiyo ni mikoko iliyotoka kwetu, ikapakiwa vyomboni na kupelekwa Ghuba kwa pepo za kusi, hata upana wa vyumba vya wakati ule ukafuata urefu wa boriti zetu. Tende na mazulia vilikuja Mombasa na Lamu kwa kaskazi. Leo watu wetu huenda huko kwa ndege na kwa haja nyingine, na iliyo kubwa katika haja za kina mama ni dhahabu.

Sisi na ahali yetu tulipita huko tukirejea kutoka Umra, tukifuatana na binti wa ndugu yetu ambaye arusi yake ilikuwa imekaribia. Mahari yake aliyataja mwenyewe, na yakakabidhiwa mkononi mwake taslimu. Binti huyu hakuwa amepata kununua dhahabu maishani. Hata vipuli vya utotoni alinunuliwa. Kabla hatujaondoka nyumbani jamaa walikuwa wamekwisha kumnunulia kwa maneno: shangazi alitaka kidani cha kufunika kifua, mama alitaka seti yenye vito, na wengine kila mmoja na lake. Tuliwajibu kwamba mahari ni haki ya mwanamke, baba hana fungu ndani yake wala mume, sembuse shangazi. Sisi tungekwenda naye sokoni kumsindikiza, na atakayefungua mkoba ni yeye.

Tulivuka Khori kwa abra, mashua zinazopeleka watu ng'ambo kwa nauli ya dirhamu moja, tukapita soko la viungo ambalo harufu yake ingemlaza mtu wa Marikiti akidhani yuko kwao. Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Al Ras, ipo Al-Ahmadiya, madrasa ya mwaka 1912 iliyoasisiwa na tajiri wa lulu, Ahmad bin Dalmouk. Tulisimama hapo kitambo kirefu kuliko walivyopenda wenzetu. Mali iliyotoka chini ya bahari kwa pumzi za wapiga mbizi ikageuka kuwa elimu ya watoto. Biashara hiyo ya lulu ilianguka katika miaka ya 1930, Wajapani walipoanza kuzifuga lulu na mdororo wa uchumi ukaikumba dunia. Kwa hivyo msomaji akiuzwa lulu leo, na aulize kama ni ya kufugwa. Nyingi ni hizo, nazo si haramu wala si bandia, lakini bei yake si bei ya lulu ya asili.

Soko lenyewe ni njia ndefu iliyoezekwa paa la mbao, na maduka yake ni mamia. Katika moja ya madirisha imewekwa pete iitwayo Najmat Taiba, ya dhahabu ya karati 21, yenye uzito wa karibu kilo 64. Watu husongamana kuipiga picha. Sisi kilichotushughulisha ni kwamba zaidi ya kilo 5 katika uzito ule ni vito, si dhahabu, na jambo hilohilo ndilo lililotukabili tulipoingia duka la kwanza.

Bi arusi alivutiwa na kidani na hereni zake, vyote vimejaa mawe meupe yang'aayo. Mwenye duka, Mwislamu kutoka Kerala aliyejua Kiswahili cha salamu na cha bei, akaviweka mizanini: gramu 46. Akaanza kuzidisha kwa bei ya siku. Tukamwomba atusomee kibandiko. Kilikuwa na nambari mbili, uzito wa jumla na uzito wa dhahabu peke yake, na ule wa pili ulikuwa gramu 39. Gramu 7 zilikuwa za mawe ya kutengenezwa, na hesabu ile ingeyalipia kwa bei ya dhahabu. Yule bwana hakugombana. Alianza kuhesabu upya palepale, jambo lililotuonyesha kwamba hatukuwa wa kwanza kumuuliza. Tukamsimulia binti yetu kisa cha Fadhala bin Ubayd, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyenunua kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12 siku ya Khaybar. Alipokitenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12. Mtume, rehema na amani zimshukie, akaelekeza kuwa kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe.

Bei ya dhahabu huandikwa ubaoni kila siku, kwa gramu na kwa karati, na ni moja katika soko zima. Karati 24 ni dhahabu tupu, nayo ni laini mno kwa pambo la kila siku. Karati 22 ni mafungu 22 ya dhahabu katika 24, na hupigwa chapa 916. Ya 21 hupigwa 875, na ya 18 hupigwa 750. Wahindi hupenda 22, Waarabu wa Ghuba 21, na almasi hufungwa zaidi katika 18 kwa kuwa ni ngumu na hulishika jiwe. Bei ya ubaoni haina mjadala. Mjadala uko katika ujira wa ufundi, ambao hubadilika duka kwa duka, na mnunuzi mgeni huwa hajui kuwa upo. Kitu kilichotarizwa kwa nyuzi za dhahabu kina ufundi mkubwa kuliko bangili laini, na siku ya kukiuza sonara hulipa dhahabu tu. Ufundi haurudi. Juu yake kuna kodi ya asilimia 5, iliyoanza mwaka 2018, ambayo msafiri aweza kudai sehemu yake uwanja wa ndege akiwa na stakabadhi.

Binti yetu alikuwa na mkufu uliokatika na hereni zisizo na jozi, alizopewa na mama yake ziongezee mahari. Zilipopimwa, hereni moja ikabainika kuwa shaba iliyochovywa. Zilizobaki zilikuwa gramu 18. Mwenye duka akasema, "Nipe hizi, uchukue bangili hii ya gramu 14, tumemaliza."

"Ami, si vizuri hivyo?" akatuuliza.

Tukamwambia kuwa dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, na ziada ni riba hata kama moja ni kuukuu na nyingine mpya. Njia ni ile aliyofundishwa mtu wa Khaybar aliyekuwa akibadilisha tende duni kwa tende bora: uza ulichonacho kwa pesa, kisha nunua kwa pesa. Mwenye duka akatabasamu, akahesabu dirhamu, akamkabidhi. Binti yetu akazitia mkobani, akashukuru, akatoka nje. Ahali yetu ikatutazama, nasi tukamfuata. Pesa zikiwa zake mkononi, hakuwa tena mfungwa wa duka lile, na katika duka la tatu alipata bangili nne laini za karati 22 kwa ufundi ulio chini.

Duka moja lilitaka atangulize rubuni na kumaliza baada ya mwezi. Kwetu pia wapo wanaouza dhahabu kwa kudunduiza, na familia nyingi huingia humo kwa haraka za arusi. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu pesa ya leo kuwa kama dinari na dirhamu za kale, hivyo malipo na dhahabu vikabidhiwe katika kikao kimoja. Asiyetimiza bei ya bangili nne anunue mbili.

Njiani aliuliza kuhusu zaka. Katika madhehebu ya Shafii tuliyonayo Pwani, pambo la halali linalovaliwa halina zaka, ilhali Mahanafi huitoa. Iliyowekwa akiba, ikifika gramu 85 na ikapitiwa na mwaka, hutolewa.

Jioni shangazi akapiga simu kuuliza kidani kina ukubwa gani. Binti yetu akamjibu kuwa kidani ataazima chake usiku wa arusi. Kimya kikapita, kisha tukasikia kicheko, na shangazi akasema yuko radhi, ila kirudishwe asubuhi yake kabla ya chai.