Kapu la Makumbi

Mwaka 1972, nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi mmoja alituletea darasani kapu lililojaa majani makavu. Ndani alikuwa ametia sufuria ya kunde zilizolowekwa usiku kucha na kuchemshwa dakika ishirini. Alilifunika kwa blanketi, akaendelea na somo lake. Mchana alifunua, kunde zimeiva, tukala. Tulicheka sana, tukaona ni kiinimacho.

Uchawi haupo. Chakula huiva kwa joto, na maji yakishachemka hayazidi nyuzi 100 hata ukirundika kuni hadi darini. Kuni tunazochochea baada ya hapo kazi yake kubwa ni kufidia joto linalotorokea hewani. Ukilizuia lisitoroke, umepika. Waingereza nao walipika kwa masanduku ya majani makavu wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Nikayafundisha hayo. Miaka mingi nilisimama mbele ya watoto katika kipindi cha sayansi kimu, nikachora kapu ubaoni, nikaandika majina ya sehemu zake, nikasahihisha madaftari. Kisha jioni nilivuka uwanja kwenda nyumbani, nikamkuta mama watoto ameinama mbele ya mafiga, macho mekundu, anapuliza kuni mbichi ili mbaazi za mwalimu mkuu ziive. Nilimpa pole. Pole haikunigharimu kitu. Makumbi yamejaa hapa Mwera chini ya kila mnazi, tena bure, lakini hata siku moja haikunijia kwamba lile kapu la ubaoni lingeweza kukaa jikoni kwangu.

Alifariki mwaka 2019, baada ya kusumbuliwa na kifua muda mrefu. Daktari aliyemwona alimwuliza, "Mama, unapikia nini?" Kabla hajafungua mdomo nikajibu mimi: "Kuni."

Nilipobaki peke yangu, binti yangu aliye Muscat aliniletea chungu cha umeme kinachopika polepole. Ni chombo kizuri, hutumia umeme kama wa balbu mbili kubwa za zamani. Ila mimi, mwalimu wa sayansi, nilitia humo maharage mekundu yasiyochemshwa, nikaenda zangu shamba. Umeme ukakatika. Niliporudi yalikuwa vuguvugu, nikayala hivyo hivyo kwa njaa. Tumbo lilinikata siku mbili. Maharage mekundu yana sumu ambayo haiishi kwa joto dogo. Lazima kwanza yachemke kwa nguvu dakika kumi, ndipo uyaachie chungu au kapu.

Nikiwa kitandani nililikumbuka kapu la chuoni. Nilichukua kapu la ukindu la marehemu, lile alilokuwa akivukia nalo pantoni kwenda sokoni Pangani. Niliyaponda makumbi, nikayachambua, nikayashindilia chini na pembeni unene wa kiganja, juu nikaweka mto wa makumbi hayo hayo. Sufuria iwe imejaa, maana iliyo nusu tupu hupoa upesi. Mfuniko uubane, usifunue-funue kama mtoto. Baada ya saa nne au tano mbaazi huwa laini. Hapo nazirudisha motoni zichemke tena, natia tui jepesi, na mwisho lile zito huku nikikoroga lisikatike. Zikikaa hadi zimepoa kapuni huwa naziogopa, na wewe msomaji uziogope.

Kuni nilizokuwa nikimaliza kwa siku mbili sasa zinanitosha karibu wiki. Nimezihesabu, nami nikihesabu namwona yeye ameinama pale.

Juzi mkwe wangu alikuja akafunua kapu, akanusa, akaniuliza, "Baba, langu utanitengenezea lini?" Jana asubuhi nilikwenda kuokota makumbi.