Duka Ng'ambo ya Ruvuma

Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe kwenye mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kwenda Mtwara si adhabu tena. Zamani masika yakianza watu wa Kusini walikuwa kama wamefungiwa mlango. Siku hizi unapanda basi Dar es Salaam alfajiri, na baada ya kilomita zipatazo 560 unashuka Mtwara ukiwa na nguvu za kutosha kutafuta chakula cha jioni.

Mji wenyewe umetandazwa kana kwamba unangojea wageni wengi zaidi. Waingereza waliupanga baada ya Vita Kuu ya Pili, walipotaka kusafirisha karanga za Nachingwea. Mpango wa karanga ukashindwa, lakini bandari yenye kina kirefu ikabaki, na msimu wa korosho ukifika inaonekana kazi yake. Mikindani, mji mzee ulio jirani, una boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Nenda ukapaone. Mimi nilivutwa zaidi na upande wa kusini, kwenye mto.

Barabara ya Kilambo inapita katikati ya minazi na mikorosho hadi forodhani. Hapo Ruvuma umekwisha kuwa mpana na mzito, unakaribia bahari, na anayetawala ni maji: yakijaa watu huvuka, yakitoka unaangalia mafungu ya mchanga na kusubiri. Ng'ambo ni Msumbiji. Ukisikiliza mazungumzo hutajua nani ni wa wapi, maana Wamakonde wako pande zote mbili, na Kimakwe kinasemwa huku na kule pia. Tena mpaka huu haukukaa mahali pamoja. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua Kionga, kipande cha ardhi kilicho kusini ya mdomo wa mto; mwaka 1916 Wareno wakakirudisha. Ukoo uleule ulibadilishiwa wakubwa mara mbili bila kuhamisha hata chungu jikoni.

Labda ndiyo sababu mama wa Mtwara akivuka na marobota ya vitenge, sabuni na vyombo vya plastiki haoni kuwa amekwenda nchi za nje. Amekwenda kwa shangazi. Lakini akishapanga chumba Palma au Mocímboa da Praia na kufungua mlango wa duka, serikali ya huko inamhesabu kuwa mgeni mwenye biashara, na hapo udugu haumsaidii.

Kuingia kwa matembezi ni jambo moja, kukaa ni jingine. Anayekaa anatakiwa awe na kitambulisho cha mkaazi mgeni, ambacho Msumbiji hukiita DIRE, na cha muda huanza kwa mwaka mmoja, kisha kuhuishwa. Ili akipate lazima pasipoti iwe hai, awe na cheti cha polisi kwamba hana makosa, namba ya mlipa kodi wanayoiita NUIT, na leseni ya biashara, yaani alvará. Karatasi za kwetu sharti zitafsiriwe Kireno. Tena ofisi ya uhamiaji ya mkoa iko Pemba, mbali kusini mwa Palma, kwa hiyo nauli, malazi na siku za kufunga duka huingia katika hesabu. Msishangae basi kwamba wengi huamua kukaa kimya na kutumaini kuwa hawataulizwa.

Mwanzoni mwa 2017 waliulizwa. Msumbiji iliwafukuza wageni kutoka eneo la rubi la Montepuez, Watanzania wengi wakiwamo, na wengi walirudi wameacha mali walizochuma kwa miaka. Mwezi Oktoba mwaka huohuo vita vilizuka Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, na watu wakakimbia, wenye karatasi na wasio nazo.

Tusiwalaumu majirani peke yao. Kwetu sheria ya mwaka 2015 inamtaka mgeni apate vibali viwili: cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi kutoka Uhamiaji, ambacho kwa mwenye biashara ni Daraja A. Ada zake hutajwa kwa dola. Julai 2025 serikali ikaorodhesha biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwamo rejareja, saluni za mitaani, ufundi wa simu na kununua mazao shambani. Sielewi tunawezaje kuzuia saluni ya dada wa Palma huku Mtwara, kisha tukakasirika la kwetu likifungwa kwao.

Hapa akina mama mnisikilize vizuri. Kibali cha mume hakimfuniki mke. Mwanamke anayeishi nchini kwa hati ya mtegemezi haruhusiwi kwa hati hiyo kufanya kazi wala kuuza. Mgeni wa kike aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa, lakini mume mgeni wa dada yetu hana mlango huo. Na mtoto aliyezaliwa ng'ambo na mama Mtanzania ni wetu kwa kurithi, ila asipoandikishwa mapema, mama atahangaika siku ya kumpeleka shule. Akiwa na uraia wa pande mbili, akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua mmoja.

Sokoni Mtwara nilinunua kanga kwa mama mmoja aliyewahi kuwa na duka Palma kwa miaka saba. Alikimbia na watoto watatu na mfuko mmoja. Vitambaa vyote vilibaki. Nilipomuuliza alibeba nini, alivuta kopo la biskuti chini ya meza akanifungulia: DIRE iliyokwisha muda wake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vya ubatizo, na risiti ya kodi ya pango ya mwezi wa Machi, iliyolipwa yote.