Gari Linapochemsha Mlimani: Kwa Bi Harusi Anayeolewa Bara



Leo nimeweka pembeni hina na udi. Wengi wenu mnaolewa bara siku hizi, mashallah, na wengi mtakuta gari kuukuu limeegeshwa uani. Hilo ndilo litakalokupelekeni kliniki, sokoni na msibani. Basi si vibaya mke akajua kwa nini gari linachemsha, maana anayejua hatishwi, wala hapigwi bei.

Mimi niliolewa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, kwa Wanyambo. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Watu wa pwani si wageni kabisa huku: karne ya 19, zama za Mfalme Rumanyika, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikuwa na kituo chao Kafuro. Wao walikuja kwa miguu. Sisi tulikuja na Corolla ya mwaka 1998.

Corolla hiyo mume wangu aliitumia Dar es Salaam, kwenye foleni na joto lote lile, na mshale haukuwahi kupita katikati. Huku Kagera ni vilima juu ya vilima, barabara ya vumbi, gia ya kwanza na ya pili, na nyuma mikungu ya ndizi. Mwezi haukuisha, mshale ukaanza kupanda kila tukielekea Omurushaka. Siku ya tatu ya kuchemsha nilikuwa na mimba ya miezi saba, tumesimama kwenye mlima, mvuke unatoka chini ya boneti, na hospitali bado mbali.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akatikisa kichwa: "Injini imekwisha. Tafuteni nyingine." Fedha tuliyokuwa nayo ndani ilikuwa ya uzazi. Mume wangu hakulala usiku ule. Nilimwambia tusitoe hata shilingi mpaka mtu atuambie ugonjwa ni nini, maana kusema injini imekwisha si kutaja ugonjwa.

Fundi wa pili, mtu mzima wa Omurushaka, hakushika spana kwanza. Aliuliza: "Mama, linachemsha wakati gani? Likisimama, au likipanda?" Swali hilo ndilo nataka mlichukue. Gari likichemsha limesimama au kwenye foleni, na likipata mwendo linapoa, shaka ni feni: mota, fyuzi au swichi yake. Likiwa zima kwenye foleni lakini linachemsha likivuta mlima, basi aghlabu maji hayazunguki vizuri au hayapozwi ya kutosha: rejeta imeziba, themostati imekwama, au pampu ya maji imechoka. Na kama maji yanapungua kila siku, tafuta yanapovuja.

Letu lilikuwa la mlimani. Kabla ya yote akaondoa ile hofu ya injini. Alitoa kijiti cha kupimia oili: oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi, gari likiwa baridi, alifungua mfuniko wa rejeta akawasha: hapakuwa na mapovu yanayopanda mfululizo. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe mzito. Dalili hizo tatu ndizo huonyesha gasketi ya silinda hedi imeungua. Hatukuwa na hata moja. Nikasema alhamdulillah.

Kisha ikaja themostati, kile kimlango kidogo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto. Mafundi wengi wanaitoa na kuitupa, gari liende bila hiyo. Huku kwenye baridi ya asubuhi si ushauri mzuri, kwani injini inachelewa kupata moto na inakula mafuta. Kumbe kuipima ni kazi ya jikoni! Yetu imegongwa namba 82, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82. Niliifunga uzi, nikaining'iniza kwenye sufuria kuukuu la maji jikoni. Kabla maji hayajachemka, kimlango kikafunguka taratibu mbele ya macho yangu. Nzima. Ikarudishwa mahali pake.

Ugonjwa ulikuwa sehemu mbili. Rejeta ilikuwa imeziba: ndani kutu na magadi ya miaka ya kujazwa maji ya bomba na ya kisima, nje vumbi na wadudu katikati ya mapezi yake. Ilipofunguliwa na kusafishwa, maji yalitoka mekundu kama udongo wa barabara yetu. Na mfuniko wake mpira ulikuwa umekauka.

Mfuniko ni kitu kidogo, lakini sikilizeni. Kwetu Unguja maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukiwa mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kama sehemu nyingi za Karagwe, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana maharage huku yanachelewa kuiva. Mfuniko mzima unabana mgandamizo ndani ya rejeta, na maji yanavumilia hadi zaidi ya nyuzi 110 bila kuchemka. Ukilegea, maji yanachemka mapema, na mlimani mapema zaidi.

Tuliweka mfuniko mpya na maji maalumu ya rejeta, yale ya rangi, yanayozuia kutu. Gharama yote haikukaribia bei ya injini. Mwanangu alizaliwa hospitali, na fedha yake ilikuwepo, na Corolla ndiyo iliyotupeleka.

Sasa, mshale ukipanda nawe uko njiani: zima kiyoyozi, fungua vioo, washa hita ya ndani mpaka mwisho. Utatoka jasho, lakini hita inaipunguzia injini moto. Mshale ukiendelea, simama pa salama uzime. Usifungue mfuniko wa rejeta likiwa na moto, mvuke utakuunguza uso. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta unaweza kuushika kwa mkono. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, silinda hedi inaweza kupasuka. Na sisi wenye buibui na mitandio: kusanya nguo zako kabla hujainama, feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Dada zangu, yule mtu aliyemuuliza Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, juu ya ngamia wake, aliambiwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Kuangalia maji ya rejeta asubuhi kabla ya safari ni katika kumfunga ngamia. Kisha soma dua ya safari, uende.

Na wewe unayeanza maisha, mlima haukulitia gari letu ugonjwa, uliufichua tu. Ndoa nayo ina vilima vyake: uzazi, ugeni, ukata. Kitu kikichemka usikimbilie kusema kimekwisha. Zima, subiri kipoe, kisha uliza lile swali la fundi: kinachemka wakati gani? Mara nyingi utakuta ni mfuniko.

Allah awape wepesi katika nyumba zenu na safari zenu. Amin.